Fedha, nauli na kitanda: kwa nini VVU havifuati umaskini peke yake

Anayeamini kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa maskini akifungua ripoti ya utafiti wa viashiria vya VVU Tanzania ya mwaka 2003-04, atadhani mchapaji amegeuza jedwali juu chini. Miongoni mwa wanawake wa kaya maskini kabisa, walioishi na VVU walikuwa asilimia 2.8. Miongoni mwa wanawake wa kaya zenye uwezo mkubwa zaidi walikuwa asilimia 11.4. Kwa wanaume ilikuwa 4.1 dhidi ya 9.4. Kenya mwaka 2003 ilitoa sura ileile: wanawake wa kaya maskini kabisa asilimia 3.9, wa kaya zenye uwezo mkubwa zaidi 12.2. Mwaka 2007 watafiti waliweka pamoja takwimu za nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, na hawakuona kwamba maskini ndio waliobeba mzigo mkubwa wa maambukizi.

Sasa nenda kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi. Huko watafiti walikuta kiwango cha maambukizi kama asilimia 12, wakati wakazi wengine wa mijini wasioishi kwenye mabanda walikuwa kama asilimia 5. Hapo maskini ndiye aliyeumia zaidi.

Takwimu zote mbili ni sahihi. Anayeshika moja na kuitupa nyingine ataandaa mpango mbovu, na mpango mbovu katika jambo hili unagharimu maisha. Ukweli ni kwamba kirusi hakimfuati mtu kwa sababu ana fedha au hana. Kinafuata njia ambazo fedha inapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kinaumiza zaidi pale mwenye nacho na asiye nacho wanapokutana faragha huku mmoja tu ndiye mwenye kauli.

Kwanza, jedwali linapima nini?

Watafiti wa kaya hawaulizi mshahara. Wengi hawana mshahara, na wenye nao hawapendi kuutaja. Badala yake mdodosi anaangalia na kuuliza: paa ni la bati au nyasi, sakafu ni ya saruji au udongo, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, kuna umeme, redio, baiskeli, friji? Kila kitu hupewa uzito, alama zinajumlishwa, kisha watu wote wa nchi wanapangwa kwa mstari na kukatwa mafungu matano yaliyo sawa kwa idadi.

Njia hii ni nzuri, ila ina mitego minne ambayo wasomaji wengi wa ripoti huikanyaga. Wa kwanza ni mji: umeme, bomba na sakafu ya saruji ni vitu vya mjini, hivyo fungu la tano hujaa watu wa mjini. Mama lishe aliyepanga chumba kimoja chenye taa anaweza kuhesabiwa juu ya mkulima mwenye ng'ombe 20 na nyumba ya tembe. Mwaka 2003-04 maambukizi mijini Tanzania yalikuwa asilimia 10.9 na vijijini 5.3, kwa hiyo sehemu ya kile kinachoonekana kama "utajiri" ni mji tu.

Mtego wa pili ni wakati. Bati linahesabiwa leo, lakini maambukizi yanaweza kuwa ya miaka minane iliyopita, mtu akiwa mwanafunzi au kibarua mahali pengine. Wa tatu ni kwamba ugonjwa wenyewe hubadilisha fungu: kaya iliyouguza kwa muda mrefu bila dawa iliuza baiskeli, ikauza mbuzi, mwishowe shamba, na mdodosi anaikuta chini wakati iliambukizwa ikiwa juu.

Wa nne ndio mkubwa kuliko yote. Alama ni za kaya nzima. Mke wa mfanyabiashara anahesabiwa tajiri hata kama hana shilingi anayoweza kuitumia bila kuomba. Mumewe akifa na ndugu wakachukua nyumba na duka, anashuka fungu zima ndani ya wiki. Katika tafiti za nchi zetu wajane na waliotalikiwa ni miongoni mwa wenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi, na jedwali la mafungu matano halionyeshi walianguka kutoka wapi.

Kirusi kilipanda gari kabla ya kutembea kwa miguu

Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kagera haikuwa pembe iliyosahauliwa. Ilikuwa njia ya biashara: kahawa, magendo ya mpakani, samaki, mitumbwi ya kuvuka ziwa. Waliokuwa na nauli ndio waliolala nje ya nyumbani, na waliolala nje wakiwa na fedha mfukoni ndio waliopata wapenzi wengi zaidi, katika miji iliyounganishwa na miji mingine. Mkulima wa jembe la mkono asiyefika hata makao makuu ya wilaya alikaa nje ya mtandao huo. Umaskini wake ulimkinga kwa muda, kama vile kijiji kisicho na barabara hukwepa ajali za magari.

Njombe inafundisha jambo hili vizuri. Utafiti wa 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo wanaishi na VVU. Utafiti wa 2022-23, uliohesabu wote wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Jirani zake Iringa na Mbeya walifuatia. Huko kuna chai, mbao, viazi na mahindi ya biashara, na si mkoa wa njaa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Makambako, mahali malori yanapolala. Mashamba na misitu huleta vibarua wa msimu, wanaume wanaolipwa kwa mkupuo mbali na familia zao. Juu ya hayo, nyanda hizo hazikuwa na desturi ya tohara, na majaribio matatu ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) yameonyesha kwamba tohara ya kitabibu hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Mapato, mwendo wa watu na tohara vilikutana mahali pamoja. Ukitoa kimoja, hesabu inabadilika.

Kinyume chake ni kaskazini mashariki mwa Kenya. Wajir na Mandera ni miongoni mwa kaunti maskini kabisa nchini humo, na maambukizi huko ni machache mno. Homa Bay haina umaskini wa kiwango hicho, lakini utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta na asilimia 19.6, Kisumu 17.5. Umaskini peke yake hauwezi kueleza pengo kama hilo.

Pipa la maji

Kosa la kawaida kabisa ni kuchanganya idadi ya wanaoishi na VVU na idadi ya wanaoambukizwa upya. Fikiria pipa. Maji yanayoingia kwa bomba ni maambukizi mapya. Yanayotoka kwa tundu la chini ni vifo. Kimo cha maji ndani ya pipa ndicho kiwango kinachotangazwa redioni.

Chukua mitaa miwili ya mfano. Mtaa wa kwanza ni wa hali ya chini: watu 10 wanaambukizwa kila mwaka, hawapati dawa, na kila mmoja anaishi kama miaka 10 baada ya kuambukizwa. Hali ikitulia, mtaani humo kutakuwa na watu kama 100 wanaoishi na VVU. Mtaa wa pili una uwezo: wanaambukizwa 4 tu kwa mwaka, lakini wote wanatumia dawa na wanaishi miaka 30. Kutakuwa na watu 120. Mpimaji atasema mtaa wa wenye uwezo una maambukizi mengi zaidi, wakati hatari ya kuambukizwa mwaka huu ni zaidi ya mara mbili kule kwa maskini.

Tanzania ilianza kutoa ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kwa mpango wa taifa mwaka 2004, zikaanzia hospitali kubwa, yaani mijini. Waliokuwa karibu na hospitali, wanaosoma, wenye nauli na wenye ndugu hospitalini walizifikia mapema. Kwa miaka kadhaa kiwango cha juu kwa wenye uwezo kilikuwa pia alama kwamba wao walikuwa hai. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya takwimu yoyote ya VVU na kipato liwe hili: hawa ni walioko ndani ya pipa, au ni wanaoingia? Kwa Tanzania nzima, waliokadiriwa kuingia katika utafiti wa 2022-23 ni watu wazima kama 60,000 kwa mwaka.

Elimu iligeuka

Miaka ya 1980 na 1990 mwenye elimu alikuwa hatarini zaidi kwa sababu zilezile: mshahara, uhamisho wa kikazi, safari, mji. Lakini elimu ina tabia moja ambayo bati halina. Habari zilipoenea, waliosoma waliweza kuzitumia haraka: kusoma kipeperushi, kuuliza kliniki, kununua kondomu bila kuyumbisha bajeti ya unga. Tanzania, kati ya tafiti za 2003-04 na 2007-08, maambukizi yalipungua kwa waliofika sekondari kuliko kwa wasiosoma kabisa, na ile ngazi ya awali, ya maambukizi kupanda kadiri elimu inavyopanda, ikaanza kulala.

Botswana ilitoa ushahidi ulio thabiti zaidi kuliko ulinganisho wa kawaida. Mwaka 1996 nchi hiyo iliongeza mwaka mmoja kwenye sekondari ya awali, na wanafunzi waliokaribiana umri wakajikuta na urefu tofauti wa masomo kwa sababu ya sera tu, si kwa sababu ya akili au fedha za wazazi. Watafiti walipowafuatilia wakiwa watu wazima, walikuta kila mwaka wa ziada wa sekondari uliopatikana kwa mabadiliko hayo ulipunguza hatari ya kuwa na VVU kwa pointi 8.1 za asilimia, na kwa wanawake punguzo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la kuwekwa mezani kila bajeti ya elimu inapojadiliwa, kwa sababu msichana akiwa shuleni anakaa na rika lake, na akitoka mapema anaingia kwenye dunia ya wanaume wenye miaka 30.

Pengo linapoingia chumbani

Hatari ya kuambukizwa katika tendo moja la ngono kati ya mwanaume na mwanamke, bila kinga na bila dawa, ni ndogo, kama mara moja katika matendo elfu. Hupanda sana kama aliyeambukizwa yuko katika wiki za mwanzo, au mmoja ana vidonda vya magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo kinachoamua ni mambo matatu: mwenzako ni nani, mmekutana mara ngapi, na kama mmoja wenu anaweza kusema "bila kondomu, hapana." Hali ya uchumi inaingia kupitia hilo la tatu.

Msichana wa miaka 17 anayehitaji nauli ya shule, taulo za kike, vocha na chipsi hawezi kuvipata kwa kijana wa miaka 18, ambaye naye hana. Atavipata kwa mwanaume wa miaka 35. Miaka ya 2008 na kuendelea redio za Tanzania zilimwita mwanaume huyo Fataki, Kenya wakamwita sponsa. Mwanaume wa umri huo ameishi muda mrefu zaidi katika mtandao, kwa hiyo uwezekano wa kuwa na VVU ni mkubwa kuliko wa kijana wa 18. Na yeye ndiye analipa, hivyo kondomu ni uamuzi wake. Hapa takwimu za tajiri na za maskini ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili: fedha zake na upungufu wa binti vimefunga mkataba.

Mialo ya Ziwa Victoria inaonyesha hali hiyo kwa uwazi wa kuumiza. Samaki wakipungua, wachuuzi wanakuwa wengi kuliko mzigo. Mama mchuuzi ana mtaji wa siku moja, hana barafu, na gari la mnada linaondoka asubuhi. Asipopata samaki saa hiyo, mtaji unaliwa kesho yake. Mvuvi ana samaki na fedha taslimu za kila siku, hana uhakika wa kurudi salama, na huhama mwalo mmoja kwenda mwingine akifuata samaki. Upande wa Kenya biashara hiyo ya samaki kwa ngono inaitwa jaboya. Kumhubiria mama huyo maadili ni kumwonea. Ufukweni Nyamware, Kisumu, walijaribu njia nyingine: wanawake wakapata mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi, na hivyo samaki wakawa wao tangu majini. Ugumu wa mpango kama huo uko kwenye matengenezo. Mtumbwi wa mbao huoza na nyavu huchanika, na kikundi kisichoweka akiba ya ukarabati kinarudi kulekule walikotoka.

Je, kugawa fedha ni kinga?

Kama tatizo ni upungufu, tuwape fedha? Majaribio yamefanyika, na majibu hayafanani.

Zomba, Malawi, wasichana wa miaka 13 hadi 22 na familia zao walipewa fedha za kila mwezi, kati ya dola 4 na 10 kwa mzazi na dola 1 hadi 5 kwa binti mwenyewe. Baada ya miezi 18, kati ya waliokuwa shuleni mpango ulipoanza, asilimia 1.2 ya waliopokea walikuwa na VVU, dhidi ya 3.0 ya wasiopokea. Waliopokea hawakuacha mapenzi kabisa. Walifanya ngono mara chache zaidi, na wapenzi wao walikuwa vijana zaidi. Lakini kwa mabinti waliokuwa wameshaacha shule, tofauti haikuonekana.

Afrika Kusini, jaribio kubwa lililolipa wasichana kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80 ya siku za shule halikupunguza maambukizi mapya. Sababu inaeleweka: karibu wasichana wote, waliolipwa na wasiolipwa, walikuwa wanahudhuria tayari, na nchi hiyo ina ruzuku ya watoto. Fedha hazikuwa na pengo la kuziba. Hata hivyo, waliohudhuria shule mara chache na walioacha ndio walioambukizwa zaidi, kama Botswana.

Na Tanzania, kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga, vijana walilipwa kila baada ya miezi minne kama vipimo vya magonjwa kadhaa ya zinaa vingetoka safi. Kundi la hadi dola 30 kwa mwaka halikubadilika. Kundi la hadi dola 60 lilikuwa na magonjwa pungufu, na hata hapo tofauti ilionekana baada ya mwaka mzima. Kiasi kidogo mno ni sawa na kutotoa. Anayepanga mradi wa ruzuku ajiulize fedha hizi zinashindana na za nani, kisha aangalie kama zinatosha kumfanya binti amkatalie mwenye gari.

Umaskini unapouma leo

Tangu 2016 sera ya Tanzania ni kwamba aliyepimwa na kukutwa na VVU aanze dawa mara moja. Anayezimeza vizuri hadi virusi visigundulike kwenye damu, yaani chini ya kopi 50 kwa mililita, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa hiyo mfumo wa tiba umekuwa ndio kinga kubwa, na kila kinachomzuia mtu kufika kliniki ni njia ya maambukizi.

Dawa ni bure, lakini nauli ya bodaboda si bure, na kibarua anayekwenda kliniki anapoteza posho ya siku. Dozi ya miezi mitatu au sita kwa aliye imara hupunguza safari kutoka 12 kwa mwaka hadi 4 au 2. Hiyo ni ruzuku ya kweli, ingawa haiitwi hivyo. Anayehama kufuata msimu aombe barua ya uhamisho kabla ya kuondoka, au aseme mapema apewe dozi ya kutosha. Wengi hukatisha dawa kwa sababu ya kuogopa kufokewa kliniki mpya, si kwa ukaidi. Kipimo cha wingi wa virusi hufanyika miezi sita baada ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na mtumiaji wa dawa akiona mwaka umepita bila kupimwa ana haki ya kuuliza.

Takwimu za 2022-23 zinaonyesha mnyororo unakatika wapi. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya wanaojua, 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Pengo liko kwenye kupima. Mama mjamzito hupimwa kliniki hata asipopanga. Mwanaume hana mlango kama huo. Kibarua hawezi kuacha kazi saa za zahanati, na bosi hataki kuonekana kwenye benchi lile.

Ndiyo maana mabadiliko ya sheria ya Novemba 2019, yaliyoruhusu kujipima na kushusha umri wa kupima bila idhini ya mzazi hadi miaka 15, yana uzito kuliko mabango mengi. Kipimo cha mate kinachoenea sana hupitishwa mara moja kwenye fizi ya juu na mara moja ya chini, kinawekwa kwenye kichupa chake, na majibu husomwa baada ya dakika 20, si kabla na si baada ya dakika 40. Usile wala kunywa dakika 15 kabla. Kipimo kina alama mbili, C (inayoonyesha kwamba kimefanya kazi) na T (ya jibu lenyewe). Mstari mmoja kwenye C: hakuna dalili ya VVU, ila kama ulikuwa hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia. Mistari miwili, hata wa T ukiwa hafifu: bado si jibu la mwisho, nenda kituo cha afya wathibitishe. Bila mstari kwenye C kipimo kimeharibika. Na anayetumia ARV asikitumie kujihakiki, kwa sababu dawa zinaweza kukifanya kionyeshe hana virusi wakati anavyo.